Mashine ya Kusikiliza Ardhi

Kazi yangu ilikuwa kutangulia. Wataalamu walibaki nyuma na gari lao, nyaya zao na sanduku la mashine, mimi nikapanda kilima kwa miguu kuwaomba wenye mashamba ruhusa ya kupita. Bila mimi wasingechomeka hata chuma kimoja. Nasema hivi bila haya. Shule niliiacha darasa la pili. Nikabeba matofali Bujumbura, nikawa utingo wa malori, Kiswahili changu nikakiokota huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa kutukanwa, kisha nikarudi Kigali na koti moja. Nilipoanza kazi ile, mwaka wa tisini, nilikuwa na nyumba yangu ya bati Kicukiro ambayo sikupewa na mtu. Wenye diploma walikuwa wanangoja garini mpaka mimi niwapungie mkono.

Mradi ulikuwa wa maji. Vilima vya kusini mwa mji, huko Gahanga mpaka kuelekea Bugesera, juu havikuwa na maji. Wanawake waliteremka bondeni na madumu, wakapanda nayo kichwani, na maji yenyewe yalikuwa ya kinamasi, rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya kuleta mtambo wa kuchimba kisima, wataalamu walitaka kujua chini kuna nini. Walichomeka vyuma kwenye ardhi kwa mstari ulionyooka, wakavifunga nyaya, wakapitisha umeme kidogo wa betri, na mashine ikawaonyesha kama huko chini ni mwamba, udongo mkavu au maji. Mstari ule hauna adabu. Haujui ua wala mpaka. Unapita katikati ya maharage ya mtu, nyuma ya choo chake, mbele ya mlango anapolala. Ndiyo maana walinihitaji.

Mwanzoni neno moja lilituponza. Nilikuwa nasema, "Tumekuja kupima." Kwa Kinyarwanda ni neno hilohilo, wala halihitaji mkalimani. Na kila mtu alimjua mtu aliyepimiwa shamba halafu akahamishwa. Basi nikitamka tu kupima, mzee wa watu anasimama, jembe liko mkononi.

"Nenda ukapime shamba la mama yako," aliniambia mmoja. Mwingine alinifungulia mbwa.

Nilikaa nikafikiri, nikakumbuka daktari anavyoweka kile chuma chake baridi kifuani mwa mgonjwa. Hachukui kitu. Anasikiliza tu, anaondoka. Tangu siku hiyo nikawa nasema, "Hatupimi. Mashine yetu inasikiliza ardhi, ijue kama kuna maji, halafu tunang'oa vyuma vyetu tunakwenda." Mlango ukafunguka. Shefu wetu, injinia kijana aliyetoka Ulaya, alicheka sana nilipomweleza kwa Kifaransa changu cha kwenye saruji, akasema hata yeye sasa ataita hivyo.

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya serikali ya komini yenye mhuri, inayosema kila raia atupishe. Sikuitoa. Mtu ukimwonyesha mhuri atakupisha leo, kesho utakuta vyuma vimeng'olewa na waya umeuzwa. Mimi nilikaa. Nikiletewa pombe ya ndizi, mwenyeji anaonja kwanza ili uone haina sumu, kisha anakupa mrija uleule aliotoka kunyonya. Unakunywa, unauliza habari za ng'ombe, za maharage, za mvua. Neno la shamba unalitoa mwishoni, kama kitu ulichokuwa umekisahau. Ukilitanguliza wewe ni askari.

Vita vya kaskazini vilipoanza, wana wa wakimbizi wa zamani walipoingia na bunduki kutoka Uganda, kazi iligeuka. Barabarani kukawa na vizuizi, vitambulisho, maswali. Nyaya zetu zikaanza kuangaliwa vibaya. Kuna mahali pa pombe nilipokaribishwa nikaona kila mtu ametoka na mrija wake mwenyewe mfukoni. Mrija mmoja kupita kinywa hadi kinywa, hapana tena. Niliona jambo lile, na usiku sikulala vizuri.

Kiangazi cha tisini na mbili tulifika kwenye kilima kimoja cha Gahanga. Watu wote wa mstari walikubali, isipokuwa mmoja. Alikuwa mjane, au tuseme sisi tulidhani ni mwanamke aliyeachwa. Nilimwita Mukecuru, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima, na hapa nitamwita hivyohivyo. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na nyumba ndogo ya udongo, ua mbele, migomba nyuma, na shamba lake lilikuwa katikati kabisa. Mstari usingeweza kushuka bondeni bila kupita kwenye migomba yake.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Inasikiliza," alisema.

"Inasikiliza, Mukecuru. Kama daktari."

"Inasikia nini?"

"Maji."

"Na kisichokuwa maji?"

"Inakisikia pia. Mwamba, mchanga, chochote kilicho chini. Shefu wetu anajua kutofautisha."

Akatupa punje mbovu kwa kuku. "Basi isipite kwangu."

Nilimbembeleza kwa kila ufundi nilionao. Akanipa maziwa ya mgando, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, akanisindikiza mpaka njiani kama mgeni mwema. Lakini jibu lilikuwa lilelile.

Habari zikasambaa kilimani kabla sijafika kwenye gari. Wanawake wenye madumu walikasirika, na walikuwa na haki. Jirani yake wa chini, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya majani na sauti inayofika mbali, alisimama njiani akaita ili wote wasikie.

"Bwana mashine! Usimlaumu. Anaogopa mtasikia mumewe anavyokoroma Bujumbura kwa yule mke mnene!"

Watu wakacheka. Ilikuwa dhihaka ya miaka mingi, nilielezwa. Katika vurugu za zamani, mwanzoni mwa miaka ya sitini, mume wa Mukecuru alikimbilia Burundi asirudi, na kilima kizima kilikuwa kimeshamwoza mke huko mara nyingi.

Mukecuru alikuwa amesimama langoni kwake. Akacheka na yeye. "Akikoroma ni heri. Nitajua yu hai."

"Au yuko njiani anakuja," alisema jirani, "na wale wenzake wa kaskazini." Hapo waliocheka walikuwa wachache zaidi. Mwaka ule kuwa na mtu nje ya nchi halikuwa jambo la kutaniana. Watu walikuwa wamefungwa kwa kuwa na kaka Kampala.

Wengi wa waliosimama njiani siku ile hawapo tena pale. Miaka miwili baadaye wengine waliuawa, na wengine waliua wakakimbia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Shefu alisema tukiukosa mstari ule, kilima kile tutakiacha, tutaenda kingine. Sikukubali. Nilikuwa sijawahi kushindwa na lango, na wala sikutaka kuanzia kwa bibi kizee. Nikanunua sukari, nikarudi peke yangu. Njiani nilipata wazo lililonifurahisha mwenyewe. Mimi nina watu Buyenzi. Nina madereva wanaokwenda Bujumbura na kurudi. Nikamwambia mara tu nilipokaa.

"Mukecuru, nipe jina la mzee na la baba yake. Nitaulizia. Wanyarwanda wa Bujumbura wanajuana wote. Akiwa hai nitampata, na akiwa amekufa tutajua."

Nilitegemea ashukuru. Alinitazama kama niliyemmwagia maji ya moto. Akainuka, akafunga mlango wa mbele ambao mchana haukuwa ukifungwa, akarudi akakaa karibu nami, karibu kuliko inavyofaa mama mzee na mwanamume mgeni.

"Usiulize," alisema.

"Kwa nini? Ni kazi rahisi."

"Mwanangu, ukienda kuuliza utaambiwa hakufika. Halafu utarudi hapa na mdomo wako huo mkubwa utasema hakufika. Usiulize."

Mimi mdomo wangu nilijua ni mkubwa. Nikaufunga. Naye akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba mumewe hakukimbia. Walimkamata hapohapo migombani, watu wa kilima hichohicho, wakampiga, wakamwacha chini wakidhani mbwa watammaliza. Usiku alimzika yeye mwenyewe, peke yake, kwa jembe la kupalilia maharage, akapanda migomba mingine juu. Asubuhi akatoka akilia kwamba mume amemkimbia kwenda Burundi.

"Nao wakaamini?"

"Waliona mwili haupo. Wakadhani alizinduka akajikokota akaenda. Ikawafaa. Mtu aliyekimbia hana kesi. Nami nikibaki kuwa mke wa aliyekimbia, nitabaki hapa. Ningesema najua amekufa, ningekuwa pia namjua aliyemuua."

"Unamjua?"

"Huyo anayenitania alikuwa kijana tu. Yeye hakupiga. Alisimama njiani azuie asitoroke." Akanimiminia maziwa. "Ananisalimia kila siku. Ng'ombe wangu akizaa anakuja kunisaidia."

Nilikaa na kibuyu cha maziwa mkononi. Miaka thelathini mama huyu alicheka dhihaka ya mke mnene. Na sasa dhihaka yenyewe ilikuwa imegeuka kisu, kwa sababu mume aliye nje alikuwa adui, na mama angeweza kujiokoa kwa kusema mumewe amekufa, yuko hapa nyuma ya jiko. Hakuweza kusema.

Naandika leo kwa kuwa hakuna tena wa kudhurika.

Nikamwambia jambo ni rahisi. Tutapinda mstari, tukwepe migomba. Nilimuuliza shefu jioni ileile, bila kumweleza sababu, akasema kupinda kidogo hakuharibu kitu, wao wanajua kusahihisha. Nikarudi na habari hiyo nikiwa nimejaa kama jogoo. Mukecuru akauliza mstari utaonekanaje. Nikamchorea chini kwa kijiti: vyuma vinashuka vimenyooka, vinafika kwake vinazunguka, vinanyooka tena.

Akautazama mchoro muda mrefu. Halafu akaufuta kwa kiganja.

"Wataona," alisema. "Kilima kizima kitaona mlipopinda. Na kitauliza pana nini." Akajipangusa kiganja. "Piteni katikati."

"Juu yake?"

"Juu yake. Lakini ile inayosikia... mzungu wako akisikia, atasema?"

Hapo nilimweleza ukweli wote. Kusikiliza ni neno langu tu, nililitunga ili watu wasitufungulie mbwa. Mashine haina masikio. Haijui mtu, inajua maji na ukavu. Aliniangalia kuona kama ninamdanganya ili nipate mstari wangu. Sijui aliona nini. Alisema tuje.

Siku ya kazi walikuja watazamaji wengi, ilikuwa kama harusi. Vibarua walishuka wakigonga vyuma kwa nyundo. Nilikuwa nimewaagiza waniachie migomba ile, nigonge mimi. Nilipofika na chuma, Mukecuru alitoka jikoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, akakishika chuma kwa mikono miwili.

"Nitakishika mimi," alisema. "Wewe piga. Polepole."

"Ee, Mukecuru amekuwa injinia!" jirani alipiga kelele kutoka uani. "Mshahara wake mumpe wapi, hapa au Bujumbura?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata shefu akacheka bila kujua wanachekea nini. Mukecuru akageuka kwao na meno yake machache. "Mnipe hapahapa, nitanunua mume mwingine!" Wakazidi kucheka. Mimi nikawa napiga kwa nyundo kama mtu anayepigilia msumari kwenye yai. Hakiingii kirefu chuma kile, kinazama kiasi cha kiwiko tu. Lakini kila nilipopiga alifumba macho.

Shefu akasoma mashine yake, akasema neno kwa mwandishi wake, wakaendelea kushuka. Mukecuru akanishika koti.

"Imesema nini?"

"Imesema pakavu."

"Basi?"

"Basi tu. Pakavu."

Alibaki pale mpaka tukang'oa. Shimo dogo lililobaki alilifukia kwa vidole, akapapasa udongo juu yake kama anavyopapaswa mtoto alale, kisha akaenda kutafuta kuku wake. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikakaa. Wakaniuliza kama naumwa. Nikasema jua.

Maji waliyaona. Yalikuwa mbali zaidi, chini ya shamba la jirani, na yeye aliimba njia nzima kwamba atakuwa bwana kisima. Mtambo wa kuchimba ungekuja baada ya mvua. Haukuja. Mwanzoni mwa tisini na tatu vita vilisogea karibu na Kigali, na barabara za kaskazini zilijaa watu waliobeba magodoro. Shefu na wenzake wakaitwa kwao. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege Kanombe. Akanishika mkono akasema watarudi. Sanduku la mashine alipanda nalo.

Niliendelea kwenda Gahanga, ingawa sikuwa tena na kazi huko. Nilipeleka sukari, siku nyingine sabuni. Hatukuzungumza jambo lile, ila mara moja. Alikuwa ameanza kukohoa, mwili umebaki mifupa. Alinionyesha migomba kwa kidevu.

"Mimi nitalala wapi, unafikiri?"

"Huko, Mukecuru."

"Nani atawaambia? Watanichimbia popote." Kisha akaniuliza habari za watoto wangu.

Sikumwahidi kitu. Mtu wa kazi yangu hutoa ahadi nyingi, nami za namna ile sikuzizoea. Lakini kila nilipotoka kwake nilikuwa nalibeba swali lile mpaka Kicukiro. Na ningewaambia nini? Huwezi kusema mzikeni pale bila mtu kuuliza kwa nini pale.

Alikufa wakati wa mvua za masika za mwaka uleule wa tisini na tatu. Dereva mmoja aliniletea habari asubuhi, nikapanda kilima nikiwa nimelowa mpaka kifuani. Nikakuta wameshamlaza kwenye machela ya fito, na vijana wameshika majembe uani, mbele, karibu na ua wa miyenzi, miti ile ya utomvu mweupe. Jirani mwenye kofia ndiye aliyesimamia. Kwa kuwa hakukuwa na mtoto, shamba lilikuwa linakwenda kwake, na kila mtu alijua.

"Hapa ni pazuri," alikuwa anasema. "Udongo laini. Na migomba yetu tusiiharibu."

Yetu, alisema. Mwili haujatoka hata mlangoni.

Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingesema. Nikatembea mpaka pale wanapotaka kuchimba, nikapiga chini kwa kisigino.

"Hapa mtavunja majembe. Chini kuna mwamba. Mashine ilisikia."

Wakasimama. Mmoja wa vijana alisema kweli, mashine ilipita hapa, mwaka jana.

"Si ilisikiliza maji?" aliuliza jirani.

"Ilisikiliza yote. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa unapiga makofi. Udongo wenye kina uko kule nyuma, kwenye migomba."

"Migomba inazaa ile!"

"Basi mchimbe mwamba," nikamwambia. "Mimi naketi, nawatazama. Padri atakuja jioni mtakuwa mmefika magotini, na mvua hii."

Vijana hawakungoja amri. Hakuna kijana anayetaka mwamba. Wakachukua majembe wakaenda nyuma, nami nikamnyang'anya mmoja lake nikatangulia. Ni uongo wangu mkubwa kuliko wote, na ninajivunia.

Nilichagua upande wa juu wa mahali tulipochomeka chuma, nikachimba mwenyewe ukuta ule unaoelekea kwa mzee wake. Sikumwachia mtu. Nilikuwa nachimba kwa ncha ya jembe, nikichungulia kila donge. Vijana wakalalamika kwamba upande wangu unachelewa na kaburi linakwenda mshazari. Nikawaambia wachimbe upande wao. Kuna mahali udongo ulibadilika ukawa mweusi, mlegevu. Nikaacha hapohapo, nikapashindilia kwa kiganja, nikasema inatosha.

Jirani alikuja akasimama ukingoni. Sijui alikuwa anatafuta nini. Alitazama shimo, akatazama migomba iliyokatwa, akanitazama mimi. "Kwa nini unalia, bwana mashine?" aliuliza. "Alikuwa ndugu yako?"

"Mvua," nikasema.

Tukamshusha. Padri alisoma haraka kwa sababu ya matope. Tulipomaliza kufukia, tulirudi uani kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya maziko. Wanawake walikuwa wametoka bondeni na dumu moja tu, njia ilikuwa inateleza, wakamimina kwenye beseni moja kwa watu wote. Maji ya kinamasi, rangi ya chai ya maziwa. Jirani alinawa kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Akajisugua mpaka kwenye viwiko, akakung'uta, akanisogezea beseni kwa mguu.

Hapakuwa na maji mengine. Nikanawa humo.